Nimejirekebisha, Mheshimiwa

Jumatatu, 3 Machi
Barua imefika. Jaji atanisikiliza tarehe 13. Bila kibali cha serikali cha kufanya kazi za siri, kiwanda cha rada kitanitoa. Miaka kumi na tisa ya kufunga nyaya! Na kwa kosa gani? Miaka minne iliyopita nilijaza fomu kwamba niko kazini, kumbe niko ziwani navua samaki. Mara thelathini na moja tu. Wakili wangu, Bi. Prewitt, anasema kosa si mwisho wa mambo. Jaji anataka kuona nimebadilika, tena kwa muda mrefu. Nimebadilika! Tangu saa tatu asubuhi.

Jumatano, 5 Machi
Odell wa meza ya pili kapata kibali chake. Odell! Aliyelewa akaingiza gari ndani ya duka la donati! Alikiri kila kitu, akahudhuria vikao vya walevi wanaoacha pombe miaka mitatu, akapewa na medali ya kutokunywa. Bahati yake, kosa lake lina vikao. Jioni nimekwenda kujiandikisha. Mwenyekiti kaniuliza nakunywa nini. Nikasema chai ya barafu. Kanionyesha mlango. Medali hawauzi, nimeuliza.

Jumamosi, 8 Machi
Nimejitolea kugawa chakula kanisani. Saa tatu nzima! Mgongo wote unauma. Mchungaji Hollis kaniambia, "Ndugu Lemuel, watu kama wewe tunawahitaji sana," kisha akatoka kupokea makopo ya mahindi. Nikaandika jina langu kwenye daftari la mahudhurio. Nikaliandika pia kwenye Jumamosi zote tangu mwaka jana. Nafasi zilikuwepo, zinapotea bure. Nakala nitampa Bi. Prewitt, bila maelezo mengi. Mke wangu, Verna, kang'aka: "Wewe mwanamume una akili kweli? Si ndicho kilichokuponza?" Nikamweleza kwamba ule ulikuwa uvuvi, hii ni huduma.

Alhamisi, 13 Machi
Suti ya harusi. Kifungo kimegoma. Jaji ni mama mpole. Nilikiri, nikalia kidogo, nikaona anaandika. Kisha wakili wa serikali akauliza Jumamosi ya tarehe 11 Mei niligawa nini. Nikasema maharage, foleni ndefu, watu wanacheka. Akasema siku hiyo kanisa halikuwa na paa, kimbunga kilikuwa kimeling'oa. Nikasema ndiyo maana walikuwa wanacheka.
Jaji akavua miwani. "Bwana Tadlock, mwaka mzima, kalamu moja ya zambarau?"
Bi. Prewitt akafunga mkoba wake.

Jumatatu, 14 Aprili
Nimenyimwa. Jaji kaandika kwamba miaka minne ya uaminifu ingetosha, kama nisingerudia kosa lilelile siku tano kabla ya kikao. Naweza kuomba tena baada ya mwaka. Kiwanda kimechukua beji yangu. Odell kanibebea sanduku la vifaa hadi kwenye gari, kasema, "Kaka, safari ijayo sema ukweli tu."
Basi. Sikati tamaa. Nimepitia dukani nikanunua kalamu kumi na mbili, rangi mbalimbali. Jumamosi zangu za kujitolea nimeshazijaza hadi Novemba.