Redio ya Mjomba Haisemi Ta

Jumatatu, 10 Juni 1974. Nyololo.
Kutoka Iringa hadi Mbeya hakuna fundi wa redio kunizidi. Darasa la sita niliacha mwenyewe, kwa kuwahurumia walimu. Leo nimefungua redio ya Mjomba Philbert, iliyokuwa inakwaruza. Nimefuta, nimepuliza, nimefunga. Imebaki skrubu na kijichuma. Vya ziada hivyo. Sauti sasa safi kama kengele ya misheni!
Ila kitu kidogo. Zamani ukizungusha kitufe hadi mwisho kilisema "ta", redio ikazimika. Sasa hakisemi. Sauti inafifia tu, kijitaa chekundu kinabaki kinaniangalia.

Jumanne, 11 Juni.
Mjomba hawezi kulala bila "ta". Mawe ya redio, yaani betri, anayabania. Anaifungua jioni tu, kwa matangazo ya vifo, maana dada yake, Mama Mkubwa Tekla, anaumwa sana huko Mbalizi. Likitokea la kutokea, redio ndiyo itatuambia.
Jioni akazungusha kitufe. Kimya. Akazungusha tena. Nikaona aibu inakuja. Nikasimama nyuma yake, nikapiga ulimi: ta! Akaridhika, akaenda kulala. Kijitaa nimekifunika kwa kitambaa alichodarizi Mama Mkubwa mwenyewe, chenye jogoo na neno KARIBU. Akili hiyo haifundishwi shuleni.

Jumatano, 12 Juni.
Nimekosea kumwambia Saulo, kijana wa ng'ambo ya bonde. Amecheka hadi akakaa chini. Eti kufungua redio hata mbuzi anaweza, kazi ni kuifunga. Akanishauri niwe natoa mawe kila jioni. Saulo huyu, mwenye baiskeli isiyo na breki! Fundi hatoi mawe. Kutoa mawe ni kukiri.
Baada ya sala Mjomba ametega sikio. Chini ya kitambaa kuna kitu kinanong'ona. Nimesema panya. Akauliza ni panya gani anayesoma bei ya pamba. Nikamwambia masikio yake yamechoka na baridi. Akakubali. Nusura!

Alhamisi, 13 Juni.
Mawe yamelegea. Mtangazaji anaongea kama mlevi. Nikayaanika juu ya bati, lakini Juni yetu ni ukungu mtupu. Nikayasogeza jikoni, moja likatoa machozi. Saa ya matangazo redio haikusema neno. Mjomba alikaa mbele yake hadi ugali ukapoa. Akasema huenda leo jina letu halikuwemo. Kesho alfajiri anakwenda Mafinga kutafuta mawe mapya. Mzee ana imani.

Jumamosi, 15 Juni.
Saulo amekuja na baba yake. Wamevua kofia mlangoni. Nikajua si utani.
Tangazo lilisomwa Alhamisi jioni, nao walilisikia kwao. Mama Mkubwa Tekla amefariki, mazishi Ijumaa alasiri, habari imfikie kaka yake Philbert wa Nyololo. Ijumaa asubuhi wenzetu hawa walikuja kutoa pole, wakakuta mlango umefungwa. Mjomba yuko Mafinga, mimi niko dukani najisifu. Wakadhani sisi wenye redio tumeshapanda basi la Mbeya, hadi leo walipouona moshi wa jiko letu.
Mjomba hakulia. Aliuliza tu, "Nani ametupa udongo kwa niaba yangu?"
Baba Saulo akatazama kofia yake. Saulo akanitazama mimi. Afadhali angenitania.

Jumatatu, 17 Juni.
Kesho Mjomba anakwenda kuliona kaburi. Anachukua kile kitambaa, akakitandike msalabani. Itabidi nitafute kitu kingine cha kufunikia kijitaa.
Sifa zangu zinaenea. Helena mwenye duka ameniletea redio yake, nayo inakwaruza. Nimekubali palepale. Safari hii kijichuma kikibaki nitakitupa, kisinitie mashaka.
Jioni Mjomba ametia mawe mapya. Akasikiliza majina yote ya marehemu, ya watu asiowajua, hadi la mwisho. Kisha akashika kitufe bila kukizungusha.
"Mwanangu," akasema, "mawe yale niliyamaliza mimi. Kuna siku nilisahau kuzima."
Nilitaka kumwambia. Naapa nilifungua mdomo. Akazungusha kitufe, na ulimi wangu ukatangulia: ta.
Akaitikia kwa kichwa. "Umesikia? Leo nimezima."
Mjomba hakusahau hata siku moja. Aliizima kila jioni. Redio ndiyo haikuzimika, na hata sasa ninapoandika inanong'ona.