Mfuniko wa Buti Umekaa Sawa

Jumatatu, 6 Mei
Gari bado liko juu ya mawe. Mawe manne, yote chini ya tumbo. Magurudumu nimeyatoa nikayapiga rangi. Gari limemzidi umri mwanangu wa kwanza, na litatembea! Jumamosi mjukuu wangu anaolewa. Nimemwahidi atafika ukumbini ndani ya gari hili, si ndani ya gari la shemeji. Kimebaki kitu kimoja tu, mfuniko wa buti. Kushoto unagonga, kulia unaacha mwanya wa kupita panya.
Shemeji, kaka wa mke wangu, akachungulia juu ya ukuta. Amenyoosha bodi za magari maisha yake yote, mimi namwita Milimita. Akasema nilishushe gari kwenye magurudumu kwanza, ndipo nipange mfuniko. Eti gari kuukuu likiwa juu ya mawe linajikunja. Linajikunja! Kwani ni mkeka?

Jumatano, 8 Mei
Nimeweza! Nimelegeza nati za bawaba, nikasukuma mfuniko kwa bega, nikachomeka kipande cha kandambili chini ya bawaba ya kulia, nikakaza. Mwanya uko sawa pande zote, unene wa ukucha. Nikafunga. Ta! Mlio wa sefu ya benki. Nikaita mtaa mzima waje kusikia. Wakaja wawili, mmoja alikuwa anatafuta kuku wake. Milimita akapitisha kidole kwenye mwanya, akasema kazi safi, ila nishushe gari kabla ya kushangilia. Wivu umemkaba koo.

Ijumaa, 10 Mei
Mke wangu haniamini. Basi nikachukua viatu vya harusi vya mjukuu, vyeupe pee, nikaviweka kwenye buti mbele ya macho yake. Nikafunga. Ta! Ndipo nikarudisha magurudumu, nikashusha gari. Likalia kidogo, kama mtu mwenye goti bovu anapokaa. Nikabonyeza kitasa. Wapi! Nikavuta. Nikapanda juu nikaruka. Nikalisemesha kwa upole, halafu si kwa upole.
Mjukuu akaja kuchukua viatu. Nikamwambia viko salama. Akauliza salama wapi.
Milimita akaja na jeki bila kuitwa. Akaiweka chini ya tumbo, pale pale palipokuwa na mawe, akapandisha. Mfuniko ukafunguka wenyewe. Hakucheka. Angecheka ningemsamehe. Mke wangu akamwambia kaka yake aoshe gari lake, kesho litahitajika. Mjukuu akapuliza vumbi kwenye viatu, akanitazama.
"Nitapanda na wewe, babu," akasema. "Viatu nitavipakata."

Jumapili, 12 Mei
Jana tumefika! Buti tulilifunga kwa kamba, kamba tukaifunika kwa maua. Watu walipiga makofi. Mke wangu anasema walimpigia bibi harusi. Yeye alikaa mbele, hakuona walivyokuwa wanatazama nyuma.
Na ubovu nimeshaujua. Ni magurudumu. Buti lilikuwa zima kabisa mpaka yaliporudi magurudumu. Fundi gani asiyeona jambo wazi kama hilo? Milimita.

Jumanne, 14 Mei
Leo zamu ya milango. Nimelipandisha gari juu ya mawe mapema, kabla Milimita hajaamka. Bawaba, kandambili, bega. Milango yote ikafungika. Ta, ta! Safari hii sikutaka maneno ya watu. Nikaingia ndani mwenyewe, nikajifungia, nikamwambia mke wangu atoe mawe, ashushe jeki taratibu.
Haya nayaandikia kwenye kiti cha dereva. Vioo haviteremki, vishikio vyake nimeviloweka kwenye mafuta ya taa, viko uani. Milimita amesimama nje na jeki yake, ananiuliza kwa ishara kama nataka msaada. Nimemwonyesha kwa mkono kwamba napumzika.
Mwanya uko sawa kabisa, ukiutazama kwa ndani.