Fungate Yetu ya Mwaka wa Kumi na Tisa

Jumapili, 2 Juni

Tumefika kisiwani salama. Boti ilituvuruga matumbo. Mke wangu alitapika kidogo. Mimi sikuwa na cha kutapika, maana nimejishindisha njaa tangu jana nije nifidie kwenye meza za hoteli.

Habari kubwa: sisi ni maharusi. Wiki iliyopita mpokea wageni aliniuliza kwenye simu kama tunakuja fungate, kwa kuwa maharusi hulazwa bila nyongeza ya malipo katika nyumba ya juu ya maji, ile yenye sakafu ya kioo. Nikajibu ndiyo kabla hajamaliza kuuliza. Mdomo ulinitangulia.

Mke wangu amelijua hilo gatini, tulipovishwa maua shingoni na kupongezwa. Yeye ni mwalimu wa hesabu, hapendi mambo ya kubahatisha. Akatabasamu, akaninong'oneza: "Tutaongea." Neno hilo halijawahi kuniletea heri.

Balaa jingine: kwenye boti ileile wamo maharusi wa kweli. Kijana bado ana kibandiko cha bei chini ya soli ya kiatu. Nyumba ya juu ya maji ni moja tu. Meneja amesema Jumanne jioni kutakuwa na mchezo wa maswali, wanaojuana zaidi watahamia humo. Kwa sasa wote tuko vyumba vya bustanini. Godoro ni sponji nyepesi, limebonyea katikati kama bakuli. Mimi nauza magodoro, siwezi kudanganywa.

Tumeongea. Yaani, ameongea. Hatasema uongo hata mmoja, ila kwa heshima ya ndoa hataniumbua mbele za watu. Mengine nitajijua.

Jumatatu, 3 Juni

Nimeponzwa na chumvi. Wakati wa chai ya asubuhi nilimwita mke wangu kutoka meza ya matunda, kama ninavyomwita kila siku: "Mama Pacha, nisogezee chumvi." Mhudumu akasimama na sinia lake mkononi. Maharusi wa juzi, pacha wametoka wapi?

Nikamweleza kwamba ni dua tu. Tunamwomba Mungu atujalie pacha, tumeanza kuzoea jina mapema. Aliguswa moyo, akaenda kuwaambia wa jikoni. Kufikia mchana hoteli nzima inatuombea. Mpishi ametuletea ndizi pacha juu ya kisahani, zimeshikana kama vidole. Mke wangu alijitahidi kununa, akashindwa, akacheka mpaka machozi. Pacha wetu wameshaanza kuota ndevu.

Jioni, kijana wa kweli alimbeba mkewe mchangani, mbele ya wageni wote. Watu wakapiga makofi. Kisha wakatugeukia sisi. Nami nina moyo, nikambeba wangu. Hatua mbili nzuri sana. Ya tatu mgongo ukasema kak. Tukaanguka wote kwenye maji ya magotini. Makofi yetu yalikuwa makubwa kuliko ya wenzetu, lakini naandika haya nikiwa nimelala kifudifudi.

Jumanne, 4 Juni

Mpango wangu umekamilika, na ni mzuri. Ushindi wa maswali ni kujuana. Basi huyu kijana asipate nafasi ya kumjua mkewe. Alfajiri nimempeleka kuvua samaki mwambani, nikamshikilia huko mpaka jioni. Ananiita kaka mkubwa. Anasema amefurahi kupata mwenzake wa kumshauri, kwa sababu na mimi mambo haya ni mageni kwangu. Hatukupata samaki hata wa dawa. Jua limenichoma masikio. Siku nzima alikuwa anamzungumzia mkewe, mkewe, mkewe. Nilijifanya nasinzia.

Mchezo ulifanyika baada ya chakula cha jioni. Sikuwahi kung'aa vile maishani. Mkeo anaogopa nini? Mende wanaoruka, wanaotembea hawaogopi. Kovu la kiwiko alilipata wapi? Kwenye baiskeli ya mjomba wake. Analala upande gani? Wa kulia, na akigeuka kushoto anakoroma. Nilitaja hadi jino alilong'oa. Mke wangu alijibu yangu yote, hata yasiyoulizwa.

Kijana aliulizwa chakula ambacho mkewe hakigusi. Akasema hakuna, anachokipenda zaidi ni pweza. Binti akasema pweza akimgusa tu huvimba mdomo. Akaulizwa mkewe ana wadogo wangapi. Akakosea. Wageni walicheka. Binti hakucheka.

Tumehamia nyumba ya juu ya maji. Samaki wanapita chini ya kitanda. Godoro ni la daraja la kwanza, gumu kiasi, pembe zote zimesimama. Nimeshinda.

Jumatano, 5 Juni

Asubuhi nilikuwa nimelala kifudifudi nikihesabu samaki, mke wangu akanigusa bega. Nje, gatini, yule binti ameketi juu ya sanduku lake akisubiri boti ya kurudi. Mumewe amesimama mbali, mikono mfukoni.

Tulimsikia vizuri, maji hubeba sauti. Alikuwa akimwambia meneja kwamba ameolewa na mtu asiyemfahamu. Mwanamume mwingine, naye wa fungate vilevile, anajua hadi kovu la kiwiko cha mkewe. Wake hajui hata kitakachomuua.

Mke wangu alinitazama. Nikamwonyesha samaki mwenye mistari. Akaendelea kunitazama. Nikasema pengine watapatana wenyewe. Akatoka na kitambaa chake cha kulalia kichwani, nami nikamfuata nikichechemea, kwa sababu nilijua nyumba inaondoka na sakafu yake.

Akaketi pembeni ya sanduku. "Mwanangu, mimi nimeolewa miaka kumi na tisa. Nina pacha wananizidi urefu. Huyu unayemwona, mwaka wa kwanza hakujua kama nakunywa chai na sukari au bila. Aliniwekea vijiko vinne kila asubuhi, nikanywa, nikadhani ndivyo kwao wanavyokunywa."

Hilo sikuwa nalijua. Nilikuwa naweka vinne nikidhani ndivyo kwao. Mimi mwenyewe sukari inanichefua.

Binti alitabasamu kidogo, lakini hakuinuka. Boti ilikuwa imeshaonekana. Mke wangu akanigeukia. Kwa hiyo nikasema, kwa sauti ndogo, kwamba jana nilimteka kijana makusudi. Na kwamba siku nzima kule mwambani alikuwa akinisimulia jinsi mkewe anavyocheka kabla hajafika mwisho wa kichekesho chake, hadi watu hawajui kilichochekesha ni nini, na kwamba alimchumbia kwa sababu hiyo. Hakujua habari za pweza. Lakini mtu ataanzia wapi?

Binti alimwuliza mumewe kama ni kweli. Akasema ndiyo, ila hakudhani kaka mkubwa alikuwa macho. Akaja akalichukua sanduku. Boti ikaondoka na kreti za chupa tupu.

Meneja hakukasirika. Alisema alishatujua tangu Jumapili, hakuna bibi harusi anayemwambia mumewe akae wima. Maharusi wamepewa nyumba. Sisi tumepewa chumba nyuma ya jenereta. Wafanyakazi wanamwita mke wangu Mama Pacha, kwa heshima zote. Mimi naitwa Bwana Fungate.

Alhamisi, 6 Juni

Tumevuka kurudi bara, tumeingia mbugani. Sehemu ya pili ya safari yetu. Mchana tembo walifunga njia. Dereva alizima injini akatuomba tukae kimya. Jike mkubwa alisimama mbele ya gari huku ndama wake akihangaika na mkonga, hajui auweke wapi. Walipita wote polepole, tukasikia matumbo yao yakinguruma.

Nikagundua mke wangu amenishika mkono. Hapakuwa na mtu wa kutupigia makofi. Akasema hapendi uongo, lakini kubebwa kulimfurahisha, hata ile sehemu ya kuanguka. Akasema nikirudia ujanja kama ule atarudi nyumbani na tembo. Nikaapa. Niliapa kwa moyo wote, mgongo ukiwa shahidi.

Ijumaa, 7 Juni

Kambi nzuri. Hema letu liko nyuma, linatazama choo cha madereva. Mahema ya mbele yanatazama bwawa la viboko.

Nikiwa napita mapokezi nimesoma ubao. Wenzi waliotimiza miaka hamsini ya ndoa hupewa hema la mbele, pamoja na viti vya kubembea.

Nimefikiri kwa utulivu. Ukijumlisha uchumba, na ukizingatia kwamba miaka ya kulea pacha huhesabika mara mbili, hatuko mbali sana. Mgongo wangu tayari unatembea kizee. Mpishi amenipa unga wa kutosha kutia mvi vichwa viwili, hakuuliza wa nini. Mke wangu anaoga, akitoka nitamweleza taratibu.

Mapokezi nimeshawaambia kwamba wajukuu wanawasalimu.