Mlenda wa Godauni la Ngozi

Jumatatu, 2 Februari 1970
Leo nimepata akili. Haitokei kila siku, kwa hiyo naandika. Tangu godauni la ngozi la Bwana Ishwarlal hapa Mwankoko lifungwe, mimi Chrispin, karani wake wa mizani kwa miaka tisa, sina kazi. Asubuhi balozi wetu wa nyumba kumi, Yeremia, amenikumbusha mbele ya watu kwamba asiye na kazi mjini mwisho wa mwezi atapelekwa kijiji cha ujamaa Issuna, akalime. Mimi! Mikono hii inajua kalamu. Basi: kiwanja cha godauni ni kitupu, na mkoa una fedha za maendeleo. Tutajenga Hoteli ya Ushirika. Meneja, mimi. Mke wangu Damari amesema udongo wa Issuna ni mzuri.

Jumanne, 3 Februari
Nimekwenda dukani kwa Ishwarlal. Mzee hakuficha. Ngozi zilichovywa kwenye birika kubwa la pale godauni, lenye dawa kali, ili zisiliwe na wadudu, na maji yake yakamwagwa pale pale chini. Amenionyesha madoa viganjani mwake. Amesema pale yeye hapandi hata pilipili, akanipa pole. Pole ya nini? Sumu ni mtaji! Nani atatoa fedha kusafisha mahali safi? Nimeuandikia mkoa barua: mbuzi watatu wamekufa, hata panzi hatui. Kwa kweli mbuzi ni mmoja, na aligongwa na lori. Lakini alifia karibu.

Jumatatu, 9 Februari
Jibu! Mkoa utatoa lori la kuhamisha udongo, simenti na mabati. Ila wananchi waanze kujitolea: watu arobaini na majembe. Bwana Philipo wa maendeleo atakuja Jumamosi kuwaona kwa macho. Watu arobaini tu! Kazi ndogo.

Jumatano, 11 Februari
Mkutano. Yeremia amesimama kuuliza kama si hapo hapo penye sumu. Watu wakaanza kukusanya khanga zao. Ikabidi niseme kwa sauti kwamba sumu ni uvumi, mvua zimeshaiosha, udongo ni mtamu, mlenda umejiotea wenyewe, na Jumamosi nitaula mbele yao. Makofi! Bibi Magdalena, ambaye mtaa mzima tunamwamkia, amesema njia ya mwongo ni fupi. Nikamwamkia mara ya pili.
Bila shaka mlenda utatoka nyumbani kwangu. Mimi si mjinga. Damari sikumweleza, maana hajui kudanganya, ataharibu. Nimemwambia tu Jumamosi apike mwingi, aulete kiwanjani.

Jumamosi, 14 Februari
Naandika nikiwa hospitali.
Watu walikuja arobaini na wawili. Bwana Philipo alinivuta kando kuuliza habari za mbuzi watatu. Nikasema hiyo ilikuwa sumu ya zamani. Nikala. Ugali wa uwele, mlenda, tonge baada ya tonge, nikatabasamu kama bwana harusi. Hata Yeremia alishika jembe.
Ndipo Bibi Magdalena akamuuliza Damari alipata wapi majani laini vile. Damari akajibu kwa fahari kwamba ameyachuma alfajiri pale pale kando ya birika, si mume wake amesema udongo ni mtamu?
Mama yangu! Nikapiga kelele kwamba nakufa, sumu, niokoeni. Majembe arobaini na mawili yakaanguka. Kisha nikaona upawa mkononi mwa Damari. Alikuwa ameonja chumvi! Hapo niliogopa kweli, wala si kwa ajili yangu.

Jumapili, 15 Februari
Mganga amesema hatuna kitu. Nilichotapika ni maziwa, maana nilikunywa kibuyu kizima kuua sumu. Damari mzima. Amesema neno moja tu tangu jana, kwamba aliniamini. Heri angenizaba kofi. Nimelia. Nimeapa sitaandika barua tena maishani.

Ijumaa, 27 Februari
Fedha za mkoa zimetoka. Zimenunua seng'enge kuzunguka kiwanja na kibao cha HATARI, mpaka udongo utakapopimwa. Na mlinzi. Mlinzi ni shemeji yake Yeremia! Yeremia mwenyewe amenisaidia kupakia kitanda kwenye lori la Issuna. Alikuwa na furaha sana.

Jumapili, 8 Machi, Issuna
Malengelenge. Damari ameshapanda matuta sita, anaimba. Jirani zetu ni watu wazuri na wanamsifu sana.
Jana nikitafuta kuni nimekuta josho la zamani la ng'ombe. Limepasuka, kavu, pembeni halioti jani. Dawa ya kupe! Hiyo nayo ni sumu. Pakisafishwa, pajengwe zahanati. Zahanati haiendi bila karani.
Barua nimemaliza usiku huu. Mbuzi nimeweka wanne. Watu wa kujitolea hapa ni wengi, wanahitaji kutiwa moyo tu. Kilichobaki ni kumpata wa kula mlenda. Nimemuuliza Damari. Amesema hana njaa.