Mafua ya Ukoo Mwingine

Jumatatu, 16 Juni 2025. Asubuhi baridi, upepo mkavu, nyuzi za pamba hadi dirishani.

Benedikta kaugua mafua makali! Homa, kikohozi, viungo vyote vinauma. Mashindano ya kwaya ni tarehe 29, huko Nyalikungu, na yeye ndiye mwimbaji kiongozi wetu. Miaka minne nimeimba nyuma ya bega lake. Namwombea apone. Tarehe 30.

Jumanne, 17 Juni. Jua.

Mpango: nimuuguze Benedikta, mwalimu wetu Masunga aone moyo wangu, anipe nafasi. Hatari? Hakuna. Mafua haya niliyaugua mwaka jana, siku sita kitandani. Mwili umeshayajua. Nimemnywesha uji bila barakoa. Kanikoholea usoni mara tatu. Nimetabasamu. Masunga kapita, kasema kumbe Kwandu una utu, alikuwa hajui.

Alhamisi, 19 Juni. Mawingu.

Nimepewa! Nimeimba ubeti mzima peke yangu. Maduhu wa besi kasema sauti yangu ni ya mbuzi aliyeokoka. Wivu.

Ijumaa, 20 Juni. Hali ya hewa sikuiona.

Niko chini. Haiwezekani!

Jumatatu, 23 Juni. Upepo tena.

Zahanati. Nimemlalamikia nesi Goodness kwamba mwili umenisaliti. Kaniita mayu, yaani mama, kasema kinga ya mwili ni kama wazee wetu: salamu haijaisha, wameshakuuliza wewe ni wa ukoo gani. Kirusi cha mwaka jana wanakijua. Lakini kila kikizaliana kinabadilika kidogo kwa nje; mwaka huu kimejitaja ukoo mwingine, wakakipisha. Tena kikishaingia kinanyamazisha kengele ya hatari, ndiyo maana Alhamisi nilijiona mzima huku kimeshajaa ndani. Nimesema huo ni ulaghai. Kasema ndiyo, mayu, kimekuzidi mbinu. Akanikazia macho. Sijui kwa nini.

Jumamosi, 28 Juni. Joto.

Homa kwisha. Sauti imeshuka, haipandi. Benedikta mzima, karudi mbele. Nilimsalimu Masunga, 'Mwadila.' Akageuka akitafuta mwanamume aliyesema. Besi wake watatu wanaumwa. Kanisimamisha kando ya Maduhu!

Jumapili, 29 Juni. Asubuhi shwari, anga safi.

Tumekuwa wa kwanza! Jaji kasifu besi. Maduhu kasema mbuzi sasa ni beberu. Benedikta kanikumbatia mbele ya watu wote, kasema mimi ni dada yake. Nimelia kidogo. Kweli.

Ila mwimbaji kiongozi wa kwaya ya Lalago anakohoa vibaya, na wana tamasha mwezi ujao. Nimejitolea kwenda kumuuguza. Goodness kasema nivae barakoa, koo za kirusi hazihesabiki. Nesi yule bado mdogo. Mimi nimeshazijua mbili, na Simiyu hii tunajuana wote.

Saa nne na robo. Nalala.