Viazi vya Bibi Nora

Jumanne, 12 Machi 1996

Theluji bado. Asante Mungu kwa nyumba yenye joto, na kwa mwanangu Severin aliyenileta hapa Saint Paul, Marekani. Ila mjukuu ananiponyoka. Namsemesha Valentina Kiswahili, ananijibu Kiingereza. Akitoka shule, mbio kwa jirani Nora, kikongwe wa Ireland. Huko anafundishwa vijiwimbo vya utani walivyoimba watoto wa kijijini kwao: padri kakimbizwa na bata, sijui nani kaoa kwa ajili ya mbuzi. Mtoto anacheka mpaka anakaa chini. Kwangu hacheki hivyo.

Alhamisi, 14 Machi

Shule sikusoma, herufi kanipa katekista. Lakini kutukana kwa vina hakuhitaji cheti. Nimetunga:

Bibi Nora kapika viazi,
sufuria ikaacha kazi;
paka kaonja, kahama,
sasa kasusa hata nyama.

Valentina kashika upesi. Nimemtuma akamwimbie Nora, amtafsirie neno kwa neno. Nora akinuna, mtoto atarudi kwangu. Severin kasikia, kasema, "Mama, utatufukuzisha mtaani." Nikamwambia ale, chakula kinapoa.

Ijumaa, 15 Machi

Nora kaja, macho mekundu. Nikakaza kanga, tayari kwa vita. Akanikumbatia.

Valentina akatafsiri. Kijijini kwao, asiyetungiwa utani alihesabiwa mgeni. Yeye yuko Marekani tangu usichana wake na hakuna aliyewahi kumtungia. Jana ndiyo kajiona amefika. Kisha akaniimbia wimbo alionitungia mimi: bibi mwenye kanga kaigombeza theluji, theluji ikaongezeka. Mtoto yuko katikati, anabeba neno huku, analipeleka kule. Kiswahili kinamtoka bila kubembelezwa. Nikalia. Nikasingizia kitunguu.

Jumapili, 17 Machi

Sikukuu ya Mtakatifu Patrick, msimamizi wa Ireland kwao Nora. Ukumbini kwa kanisa Nora kaimba viazi vyake kwa Kiswahili, kakivunjavunja. Valentina kamsahihisha mbele za watu, kwa sauti yangu mimi kabisa. Mungu ampe kikongwe yule miaka mingine.

Nami nimeelewa: mtukane mtu kwa vina, atakupenda. Jumamosi bosi wa Severin anakuja kula kwetu, anatoka Plymouth, mji wa jirani. Severin anataka kumwomba zamu ya mchana, aache kukesha kazini na kulala mchana kama popo. Bosi ana upara, na kitambi kinamtangulia mlangoni. Mistari miwili iko tayari, Valentina anaikariri.

Severin hajui. Atanishukuru.