Shamba Lisilojua Ukame

Daktari hakuwahi kutibu mtu wala kusomea chochote, ila alikuwa na miwani, na mjini miwani inatosha. Siku hiyo yuko kwa kinyozi, ndevu nusu zimenyolewa, akamsikia mwenye baa akimlalamikia mwenye duka la dawa: mvua zimegoma, bei ya mboga imepaa, na anayevuna sasa hivi anatajirika tu.

"Laiti ningekuwa na shamba!" akasema mwenye baa.

"La kulimiwa, lakini," akadakia mwenzake. "Mimi na jembe wapi na wapi."

Loo! Riziki imejileta yenyewe mpaka kwenye kiti cha kinyozi.

"Mabadiliko ya tabianchi, ndugu zangu," akasema Daktari kwa sauti ya msibani, povu likimdondoka kidevuni, "yanamwumiza asiye na utaalamu. Shamba langu mimi halijui ukame. Natafuta wabia wawili tu."

Shamba, bila shaka, hakuwa nalo. Akaazima pikapu ya shemeji yake, mtu pekee aliyekuwa bado anamwamini, akaapa kuirudisha kesho kabla ya jua kuzama. Na safari hii alikusudia kweli. Mara ya mwisho ndoa ya dada yake iliponea chupuchupu kwa sababu yake, na dada alishasema wazi: akirudia, undugu basi.

Nje ya mji mahindi yalikuwa yamekauka yakiwa yamesimama. Wakulima wenye akili walishahamia mtama na mihogo. Wengine walichimba mashimo ya kuvunia maji ya mvua, wakabaki na mashimo. Ghafla, kando ya barabara, kijani! Nyanya, hoho, kabichi, chini kumetandazwa majani makavu ya kutunza unyevu. Mwenyewe, mama mmoja mpole, alimsikiliza mpaka mwisho.

"Kwa hiyo, mwanangu, nijifanye meneja wako?"

"Asubuhi moja tu, mama. Sitakusahau."

"Haya. Ila meneja asiye na hata ufunguo wa gari, nani atamwamini?"

Daktari akacheka, akamwahidi ufunguo. Maskini mama wa watu, kumbe naye anapenda ukubwa!

Kesho yake wale wabia wawili walipofika, mama, ufunguo wa pikapu mkononi, aliongea mpaka Daktari mwenyewe akatamani kununua hisa. Kisha akamvuta pembeni.

"Maneno yako mengi, baba, utawakimbiza. Mtu mkubwa husimama mbali, na simu."

Kweli tupu. Daktari akasogea mpaka kwenye nguzo ya umeme, simu sikioni, akaanza kumkaripia waziri ambaye hakuwepo. Alipofika kwenye "Mheshimiwa, sitaki visingizio!" akageuka. Pikapu ilikuwa inaondoka, mama kwenye usukani, mwenye baa akimpungia mkono kwa furaha. Wanaenda kuona kisima, akajituliza. Akakaa akangoja mpaka jua likaanza kuinama.

Akaja mwuza miche na mkokoteni wake, akaanza kung'oa miche ya nyanya mmoja mmoja.

"We! Unang'oa shamba langu!"

"Shamba gani? Hii ni miche yangu, namkodishia mama. Kasema leo unalipa wewe."

Daktari akavuta kabichi. Ikaja na kopo la rangi ilimopandwa.

"Alikuwa analima mahindi," mwuza miche akaendelea, mikono haisimami. "Ukame ukammaliza. Akaona kila wiki wanapita wataalamu kama wewe, wanatafuta kijani cha kuonyesha watu. Basi, kabadili zao. Majirani wanavuna mtama, yeye anavuna nyinyi."

"Anarudi saa ngapi?"

"Arudi wapi? Hapa kapanga tu. Na hao wabia wako wameshamlipa zamani."

Simu ikalia. Shemeji.

"Shemeji, jua ndiyo hilo linazama. Dada yako yuko hapa pembeni yangu, anasikia. Gari liko wapi?"

Daktari akatazama mashimo yaliyobaki. Alimwonea dada yake huruma, huruma ya kweli kabisa. Akavuta pumzi aseme ukweli, kwa mara ya kwanza tangu anunue miwani.

"Shemeji," akasema, "hivi hujawahi kufikiria kuwekeza kwenye kilimo?"